Mteja wa Alhamisi

Tarehe 2 Februari

Kiroboto,

Barua yako imefika. Paka uliyemchora kwenye bahasha alimfikia karani wa posta kabla yangu, akaniuliza kama naandikiana na shule ya chekechea. Nikamjibu ni mdogo wangu wa kike, ana miaka thelathini na minane, na ni fundi mizani kama baba yetu. Hakuamini hata moja kati ya hayo matatu.

Nina jambo. Tarehe ishirini Mei nitasimama mbele ya walimu watano kuitetea tasnifu yangu. Miaka sita nimekaa kwenye chumba cha chini cha idara ya maji, nikisoma daftari za watu waliokufa zamani, ambao kazi yao ilikuwa kupima kina cha mto kila asubuhi na kuandika tarakimu moja. Nimebakiza kurasa arobaini na siku mia na saba. Silali vizuri, siketi vizuri. Nikiketi nataka kusimama, nikisimama naiona karatasi niliyoiacha mezani.

Kwa hiyo kuanzia leo hesabu kwamba kitambaa kiko mlangoni. Unakikumbuka: kile cha bluu cha Mama, nilichokuwa nikikifunga kwenye komeo wakati wa kusoma. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu, kwamba kikining'inia hakuna kubisha, hata paa likiungua, mpaka nikifungue mwenyewe. Uliivunja mara moja, kunijulisha kuwa paka amezaa ndani ya kiatu changu, na sikukusemesha wiki nzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita na wewe minane. Nilikuwa mkali kupita kiasi, nakiri. Lakini safari hii pia sitanii. Niandikie, ila uniandikie mambo mepesi.

Tarehe za mwanzo za Juni nitakuja nyumbani mwezi mzima, mara ya kwanza tangu tumzike Mama. Nataka niketi na Baba kwenye benchi lake la kazi nimsomee ukurasa wa kwanza wa tasnifu, ambao nimeuandika kwa ajili yake. Hajui. Ukimwambia nitakuchuna ngozi.

Mpe shikamoo yangu. Na usichezee mizani za watu.

Kaka yako,
Kibabu (kwa kuwa umekataa kuniita kitu kingine tangu nikiwa na miaka kumi)


Tarehe 9 Februari

Shangazi, shikamoo.

Umeuliza kwa nini siku hizi nakuandikia nusu karatasi. Naandika nikiwa nimesimama. Baba akitoka, na mimi natoka. Nimekuwa kiguu na njia.

Tulikwenda kwa daktari, kama ulivyoagiza. Alituketisha, akasema kwa upole kwamba kumbukumbu za Baba zinaondoka na hazitarudi. Kazi ya mikono itakaa naye kwa muda. Nyuso zitatangulia kuondoka. Akasema tukiwa na bahati atatutambua hadi katikati ya mwaka, mradi siku zake zifanane: njia zile zile, saa zile zile, asitumwe mbali, asipotee. Akipata mshtuko, kinachoondoka polepole kinaweza kuondoka kwa mkupuo.

Basi asubuhi anakwenda sokoni kutengeneza mizani, maana ukimzuia ndiyo hutetemeka. Mchana mimi napita nyuma yake na mfuko wangu, nikirekebisha alichokirekebisha. Wateja wananistahi. Muuza mboga ananiambia, "Mzee ameshapita, njoo umalizie dua."

Kibabu hajui. Amefunga kitambaa chake hadi tarehe ishirini Mei. Siku moja akili ya Baba ilikuwa wazi kabisa, nikamwambia nitamwandikia Kaka aje. Alinishika mkono, akasema, "Usimsumbue. Anasoma."

Shangazi, maisha yangu yote nimeyatumia kuvunja sheria za Kibabu. Hii moja nitaishika. Nina siku mia moja za kumshikilia Baba mahali pamoja, ili Kaka akifika amkute bado anamjua. Ninyamazie.

Mwanao,
Kiroboto


Tarehe 1 Machi

Kibabu mheshimiwa,

Umeomba mambo mepesi, na mimi ni muuzaji wa jumla na rejareja.

La kwanza. Muuza nyama wa pale kona amekuwa mtu mkarimu kuliko wote mjini bila habari yake. Jiwe lake la kilo lilirudi kutoka kwetu limenenepa: risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye tundu la chini mpaka kilo ikawa kilo na robo. Siku mbili foleni yake ilifika kwa kinyozi. Wanawake walisema ameota ndoto mbaya akatubu. Siku ya tatu akashtuka, akaja mbio na aproni yake imejaa damu, watu wakimpisha njiani.

"Fundi," akamwambia Baba, "mimi nina duka. Nyie mmenigeuza kituo cha misaada."

Baba akaligeuza jiwe, akalitazama, akacheka hadi machozi. Na mimi nikacheka. Nimelichokonoa risasi, sasa kilo ni kilo na muuza nyama amerudi kuwa bahili.

La pili. Baba siku hizi anaimba kazini. Wimbo ukimkatikia katikati anaunganisha na mwingine, kwa hiyo tunapata arusi inayoishia na gwaride.

La tatu. Viatu vyako vya shule tumevikuta kwenye pipa la mchele. Usiniulize, maana hata mchele hauna jibu.

Soma. Kula. Ukisimama usiitazame ile karatasi, tazama dirishani.

Kiroboto


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali pa kucheka.

Jiwe la kilo lenye robo ya ziada! Kwa miaka arobaini watu wa soko lile wamekuwa wakigombana kwa kila kitu isipokuwa mizani, kwa sababu ilikuwa imepita mikononi mwa Baba. Alinisomesha kwa mikono hiyo. Sasa amezeeka, amekuachia kazi, nawe unamimina risasi huku unapiga soga, kisha unaniandikia kama kichekesho. Baba alicheka kwa sababu ni mpole. Mimi namjua: alimeza aibu yako mbele ya mteja.

Nilikuwa nikisema moyoni kwamba utakua. Naona nilijidanganya. Wewe kila kitu kwako ni mchezo, na anayezoa vipande ni mwingine.

Nimemwandikia Baba mwenyewe juu ya jambo hili. Baada ya hapo nafunga. Nakaa juu ya duka la dobi, mama mmoja asiyerudia neno, na nimemwachia maagizo: barua yoyote, telegramu yoyote, aitie kwenye droo yake ya pasi, wala asinipe mpaka jioni ya tarehe ishirini Mei. Aliniuliza, "Yoyote?" Nikamwambia yoyote. Siwezi kuwaza juu ya mafuriko ya miaka mia iliyopita huku nikiwaza juu ya kilo ya muuza nyama.

Kaka yako


Tarehe 14 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa. Mimi ni mzima, kazi inakaribia mwisho.

Baba, nisamehe kwa kuingilia mambo ya kazi yako nikiwa mbali. Nimesikia kuhusu jiwe la muuza nyama. Nakuomba usimwachie mdogo wangu benchi. Ana moyo mzuri lakini hana utulivu. Shika kazi mwenyewe, kama zamani. Nenda kwa wateja wako mwenyewe, hasa wale wakubwa, kama lile ghala la nafaka kwenye stesheni ya pili, ambako ulinipeleka nikiwa mtoto nikakuona umelala kwa tumbo chini ya ile mizani ya magunia. Fundi niliyemwona siku ile hawezi kuwakilishwa na mtu anayecheka.

Jina lako lilinifikisha hapa. Nisingependa lichezewe.

Mwanao mtiifu


Tarehe 25 Machi

Kibabu,

Ukiisoma hii itakuwa ni Mei, kwa hiyo naandika kwenye droo. Droo haikasiriki. Nitaiambia ukweli.

Risasi aliimimina Baba. Baba anasahau. Si kusahau kwa uzee, kwa kuuliza miwani iko wapi huku ameivaa. Anasahau njia ya chooni. Daktari anasema nyuso zetu zitaondoka pia, na nilikuwa nimejipa siku mia za kumtunza kama yai ili ukija Juni akuite kwa jina lako. Mzaha wote niliokuandikia ni wewe uliyeuagiza.

Tarishi alimkabidhi Baba barua yako mkononi. Nilichelewa hatua kumi, nilikuwa kwa muuza mboga nikirekebisha. Tangu hapo anaitembeza kwenye mfuko wa shati. Anaisoma mara sita kwa siku na kila mara ndiyo imefika sasa hivi. Anasimama, anavuta aproni, ananiambia, "Mwanangu wa kwanza ameniandikia. Anataka nishike kazi mwenyewe." Kisha ananiomba radhi, Kibabu. Ananiomba radhi kwa kuninyang'anya benchi.

Nilijaribu kumwambia hujaandika hivyo. Akaifungua akanisomea.

Sina wa kumwambia aifute. Aliyeiandika amejifungia. Leo nimekuchukia tangu asubuhi hadi saa tisa, nikachoka, nikaenda kupika.

K.


Tarehe 18 Aprili

Kibabu,

Alhamisi asubuhi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, sanduku la vifaa halikuwepo na Baba hakuwepo. Barua yako pia.

Nilizunguka soko lote. Muuza nyama alifunga duka akazunguka nami, na aproni ile ile. Kinyozi alimwacha mtu nusu kichwa. Hakuna aliyemwona. Ijumaa nilikwenda posta kukupelekea telegramu idarani kwako, maana kule hakuna droo. Niliandika maneno saba, karani akayahesabu. Nikasikia sauti ya Baba: usimsumbue, anasoma. Nikamwambia karani asubiri. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikaichana.

Sijui kama nilifanya sawa. Wewe ndiye msomi, nitakuachia swali hilo.

Nilipotoka pale nikakumbuka barua yako inasema nini. Nikapanda treni ya Jumamosi hadi stesheni ya pili, nikaingia kwenye lile ghala. Alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu imevimba, viatu ameshika mkononi. Karani wa ghala alikuwa amempa chai na blanketi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyu mzee alifika juzi jioni kwa miguu, akifuata reli. Alilala chini ya mizani yangu kwa saa nne akiitengeneza. Sikuwa nimemwita. Nimeipima baadaye kwa mawe ya serikali. Haijawahi kuwa sahihi namna hii."

Nilimwinamia nikasema, "Baba, twende nyumbani."

Akasimama kwa adabu, akanipisha nikae. Akasema, "Samahani, mama. Namngoja binti yangu."

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kutonijua. Daktari alisema labda miguu ikipoa na kichwa kitapoa. Nangoja.

K.


Tarehe 4 Mei

Miguu imepoa.

K.


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimefaulu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza kwanza. Mwalimu mkuu wa jopo alinipa mkono, akasema kinachomfurahisha katika kazi yangu ni kwamba hakuna jambo nililolitaja bila kulipima. Watu wakapiga makofi.

Nilirudi kwa miguu nikinunua njugu njiani, kama mtoto. Dobi alifungua droo akanipa barua tatu, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Ile ya mstari mmoja niliisoma mwisho, nimesimama katikati ya shuka za watu. Yule mama aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia sijui kama upo au haupo.

Nimeisoma tena ile barua yako ya Machi, ya kilo na robo. Kila kitu kilikuwamo. Wimbo uliokatika. Viatu kwenye pipa la mchele. Mtu yeyote asiyekujua angeuliza, "Je, mzee ni mzima?" Mimi ninayekujua nilishajua mkosaji ni nani kabla sijamaliza mstari. Miaka thelathini na minane nakujua hivyo.

Barua niliyomwandikia Baba imempeleka kwenye reli. Sitafuti neno la kulipunguza hilo. Ulikuwa na siku mia, nami nikazichukua.

Ulichana telegramu ukaniachia swali. Jibu ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuwa mtu wa kubishiwa mlango.

Sasa sijui la kufanya. Begi nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga. Naogopa kuja nikamtisha. Naogopa zaidi asitishike, asimame kwa adabu anipishe kiti, aniite bwana. Nina ukurasa mmoja wa kumsomea mtu ambaye hatajua kwamba ni yeye. Niambie nije au nikae. Nitafanya utakavyosema.

Kaka yako


Tarehe 27 Mei

Kibabu,

Hongera. Nimemtangazia muuza nyama, akatoa nusu kilo ya bure. Nimeipima, ilikuwa nusu kasoro kidogo. Ndiyo furaha yake ya juu.

Nilikuwa nimekuandikia barua ndefu ya kukutukana. Ilikuwa nzuri, ina mafumbo. Nimeiweka. Ukinisumbua nitakusomea.

Njoo. Lakini nisikilize, maana katika hili mimi ndiye mkubwa na wewe ndiye mdogo.

Usije kama mwana. Shangazi alikuja wiki iliyopita, akamlilia shingoni, "Mimi dada yako, mimi dada yako," na Baba alihangaika siku mbili akitafuta ni deni gani la machozi anadaiwa na mama yule. Ukimwambia wewe ni mwanawe unampa mtihani, na anajua kuwa ni mtihani, na anajua ameanguka. Uso wake wakati huo sitaki uuone.

Lakini wateja anawajua. Si majina. Anajua mteja ni nini. Mtu akiingia na mizani mbovu, Baba anasimama, mgongo unanyooka, anamwekea kiti, anauliza mshale unavuta kulia au kushoto. Atamsikiliza hata kwa saa mbili. Anatania. Anatoa mawaidha. Ndiye yeye mwenyewe, Kibabu, mzima mzima, ila hajui anaongea na nani. Mimi tangu mwisho wa Aprili ni mteja wake wa kila siku. Asubuhi naharibu mizani jikoni, naizungusha kwa mlango wa nyuma, naingia kwa mlango wa mbele. Jana aliniambia nina mikono mizuri, kwamba ana binti anayetaka kujifunza kazi na angependa awe kama mimi.

Najua huwezi kuigiza. Ulipopewa nafasi ya mti kwenye mchezo wa shule uliuliza ni mti wa aina gani. Basi usiigize. Leta mizani iliyoharibika kweli, uje nayo kwa haja ya kweli. Ukurasa wako unaweza kumsomea. Mteja akingoja kazi yake hukaa akasoma, nani atamkataza.

Adabu unayoiogopa ndiyo iliyobaki. Ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kiroboto


Tarehe 2 Juni

Kiroboto,

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, nami nakuja na la Alhamisi.

Nimenunua mizani. Ilinichukua siku mbili, kwa sababu kila muuzaji alinionyesha nzima na kila mmoja nilimwambia nataka mbovu. Wa mwisho alidhani mimi ni mkaguzi, akakana kuwa na mizani yoyote dukani huku amesimama mbele ya kumi na moja. Nimepata ya sahani mbili, mkono mmoja umepinda, mshale unavuta kushoto. Nimeiweka mezani kwangu nikaitazama, na kwa mara ya kwanza sijui kinachofuata kinafanywaje.

Nilikaa kwenye lile duka la Baba utoto wangu wote, nyuma ya pazia, na kitabu. Nilisikia wateja elfu wakiingia. Sikumsikiliza hata mmoja. Wewe ulikuwa mbele, chini ya benchi, unacheza na mawe, na uliwasikia wote.

Kwa hiyo naomba unifundishe, na usinicheke mpaka nimalize: mteja akishavuka kizingiti, husema nini kwanza? Nijibu kwa telegramu. Dobi nimemwambia aniletee mkononi, hata kama nipo bafuni.

Kaka yako


TELEGRAMU
Tarehe 3 Juni

MTEJA HUANZA KWA KULALAMIKA. LALAMIKA KWA UREFU. BABA ANA SUBIRA. KIROBOTO.